Viatu Nilivyonunua Bila Mguu Wako

Aika mwanangu,

Zitoe kwanza karatasi hizi kabla hujaingiza mguu. Si za kujazia. Najua ukikuta karatasi ndani ya kiatu kilichotoka kwangu utadhani ni zile zile za siku zote, na safari hii sitakulaumu.

Nakuandikia mchana, ofisini kwa Bwana Mbarouk hapa China, jengo la Tianxiu, wakati wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa shule kabla ya kwenda kwa mjomba wako Arusha kesho. Sanduku lako liko pembeni yangu, limeshapimwa na kufungwa, isipokuwa mfuko mmoja wa pembeni nilioomba usifungwe mpaka nimalize. Bwana Mbarouk anapokea mizigo ya watu wake wa Unguja, na kila mara anainua kichwa kunitazama.

"Mama Aika, waandika wasia?" ameniuliza.

"Naandika malalamiko."

"Yanakwenda kwa nani?"

"Kwa mwanangu. Lakini mlalamikiwa ni mimi."

Amecheka, akanisogezea chai, akarudi kwenye simu zake. Yeye anadhani natania.

Sitakuandikia habari za kula, kusali, kufua na kumwamkia mjomba wako asubuhi. Hayo nimeyasema mpaka umekuwa unayamalizia kabla yangu. Nataka tuzungumze habari ya viatu. Nimekasirika, Aika. Nimekasirika tangu tulipotoka sokoni leo asubuhi, na hasira yenyewe haina pa kwenda, kwa hiyo nimeileta hapa.

Hebu fikiria. Mimi ni mama wa viatu. Kuna watu Moshi na Arusha hawanijui hata kwa sura, lakini kilicho miguuni mwao nilikichagua mimi. Nimesafirisha ndala, raba, viatu vya shule, viatu vya maharusi. Naishi katika mji ambao viatu vimepangwa kuanzia sakafuni mpaka darini, soko juu ya soko, na humo humo nimeshindwa kumpatia mtoto wangu jozi moja ya mabuti ya kumshika mguu. Mtu akinisimulia habari kama hiyo ya mwingine ningemcheka.

Nikiri kwamba mchezo wenyewe sikuuelewa upesi. Mjomba wako Elia aliponiambia amekupeleka kwenye klabu yao ya shabaha nje ya Arusha, likizo ile ya kwanza, mimi nilidhani ni kusimama, kufumba jicho moja na kubonyeza. Nikasema afadhali, mchezo wa kutulia. Kumbe ninyi ni kukimbia. Mwamuzi anakuja nyuma yako na kipima muda, kinalia, unachomoka, unalenga karatasi, unalenga bamba la chuma, unainama nyuma ya ukuta wa mbao, unachomoka tena kwenye changarawe, unasimama ghafla na kulenga upya. Na muda wote huo mtutu uelekee mbele. Ukipita pembeni kuliko inavyoruhusiwa, siku yako imekwisha, unatolewa uwanjani, hata kama ulikuwa unaongoza.

Wewe ulinieleza unachotaka kwa maneno machache sana. Buti jepesi. Lipande juu kidogo ya kifundo. Soli iume changarawe. Kisigino kikae mahali pake. Na ndani pawe pembamba, kwa sababu miguu yako ni myembamba, umeichukua kwa baba yako, naye hakukuachia kingine. "Mama," ulisema, "mguu ukicheza ndani ya kiatu, mimi nacheza nje." Nilikusikia vizuri. Nilichokifanya baada ya kukusikia ndicho kinachoniudhi.

Nilikuletea mabuti meusi ya mtindo wa kijeshi, mazito, ukasema ni kama kukimbia na matofali. Nikakuletea ya kupandia milima, mepesi, lakini mguu wako ulikuwa unatembea humo ndani peke yake. Nikaenda upande wa watoto wa kiume, nikapata membamba kweli, yakaishia pale vidole vyako vinapoanzia. Nikakuletea yenye zipu ubavuni, zipu ikafumuka kwenye ngazi zetu wenyewe kabla hayajaiona hata changarawe. Nilikwenda mpaka Zhongda, kwenye soko la vitambaa, nikanunua sponji na mpira wa kuvutika, nikashona pedi ya kisigino kwa mikono yangu, nikajiona fundi. Ikakuchubua ngozi. Ukaja kunionyesha, nami nikasema, "Litazoea."

Ndilo neno langu hilo. Nimelisema dukani maisha yangu yote. Mteja akisema kinabana, namwambia kitatanuka. Akisema kinapwaya, namwambia weka soksi mbili. Akisema kinaumiza nyuma, kitazoea. Na mteja anaondoka nacho, kwa sababu nimelisema nikitabasamu, na kwa sababu amekuja kutoka mbali na hataki kurudi mikono mitupu.

Sasa nikueleze kitu ambacho umekiona tangu utotoni bila mtu kukueleza. Katika masoko haya ya jumla hakuna anayevaa kiatu. Unakikunja, unanusa gundi, unaipiga soli juu ya meza, unaingiza mkono mpaka vidole viguse mbele, basi. Ukikaa chini kuvua kiatu chako, laoban, mwenye duka, anajua wewe si mfanyabiashara, wewe ni mpita njia, na anakugeuzia mgongo. Mimi nilijifunza hivyo kwa waliotangulia, na nilijifunza na la pili: anayekitaka kitu asionekane dukani. Laoban akishaona uso wa mtu aliyependa, bei haishuki tena. Ndiyo maana kila ulipoomba tuongozane nilikukatalia. "Kaa nyumbani, utaniharibia." Ulikuwa na uso usiojua kuficha. Bado unao.

Matokeo yake ni kwamba viatu vyako vyote, tangu vile vya kwanza vya shule, nilivinunua bila mguu wako kuwepo. Nilivipima kwa mkono wangu. Na mkono wangu unaujua, ni mpana, wa kubeba katoni. Nilikuwa nakununulia viatu vinavyoutosha mkono wangu.

Kisha nikajazia karatasi. Hilo sikulitoa China. Nilipokuwa msichana Moshi nilirithi viatu vya kaka yangu huyo huyo Elia, vikubwa, na mama yangu akajaza magazeti kwenye vidole. Nilikwenda navyo shule, kanisani, kwenye msiba wa babu. Vilikuwa vinaniumiza na sikusema hata siku moja. Nilikuwa nimeambiwa nishukuru nimepata kiatu, na nilishukuru, na kidole changu kikubwa kikaota kimepinda hivi unavyokiona. Siku zote nimekionyesha kidole hicho kwa kujisifu, kwamba sisi tulikuwa wavumilivu. Leo nimekitazama nikiwa nimekaa hapa, ndala imenitoka mguuni, sikuona cha kusifu.

Wewe ulisema. Hapo ndipo unaponishinda. Ulisema kinapwaya, ukasema tena, na mimi nikakujibu kama ninavyomjibu mwanamke wa Mererani aliyenunua katoni.

Video ya likizo iliyopita ninayo bado. Mjomba wako alinitumia nikiwa kwenye korido ya jengo hili hili, nimeegemea katoni, nasubiri lifti ya mizigo. Ulikuwa unakimbia vizuri, hata mimi nisiyejua niliona unakimbia vizuri. Ukafika pale kwenye ukuta wa mbao, ukakanyaga kusimama. Buti la kushoto likasimama, mguu ndani yake ukaendelea. Nikaona kifundo kinapinda, bega linakwenda, na mkono wenye bastola unageuka pembeni na mwili. Mwamuzi akapaza sauti, "Stop!" Ukaganda. Ukaifungua bastola, ukamwonyesha haina kitu, ukairudisha alani mwake, ukatoka unachechemea bila kumtazama mtu. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Lakini ulikuwa umetolewa, na nafasi ya kuonekana na wachaguzi wa timu ikatoka na wewe.

Nikakupigia. Ningeweza kukuuliza kama kifundo kinauma. Nilisema, "Si nilikuambia uvae soksi mbili?"

Nilisikia ndege wa huko nyuma yako. Ukasema, "Nilivaa mbili, Mama." Halafu ukasema, "Mama, mimi si mteja wako."

Hukupaza sauti. Ulipaswa kupaza, ningekugombeza nikapata nafuu. Nilikata simu nikasema lifti imefika, na lifti haikuwa imefika.

Tangu siku ile natafuta mabuti kwa hasira. Umeniona. Nimegombana na malaoban nusu ya mji. Nikisema buti, wananitazama usoni, wanasema Feizhou, yaani Afrika, kisha wanashusha lile pana kuliko yote. Nikisema jembamba, wanasema mei you, hakuna. Na huku wewe ukifanya mazoezi juu ya paa, umeshika chupa ya maji kwa mikono miwili, kwa kuwa hapa hata bastola ya kuchezea inaweza kututia matatani. Unakimbia kati ya kamba za nguo, unasimama, unalenga tangi la jirani kwa chupa ya maji, na kila unaposimama unatazama chini, kwenye mguu wa kushoto. Nilikuwa nakuona kupitia mlango wa paa. Ulikuwa huuamini tena mguu wako mwenyewe, na aliyeuondolea imani ni mimi.

Basi leo asubuhi. Uliweka kikombe chini ukasema, "Mama, leo twende wote." Nilifungua mdomo kukataa na sikupata sababu. Kesho unaondoka. Ungeniharibia nini tena?

Tulipofika kwa laoban Lin, ghorofa ya tatu, nilikuwa nataka tupite tu. Duka lile napita kila wiki. Wewe ukasimama. Ukanyoosha kidole juu, kwenye buti la kijivu lililoning'inia msumarini. Nikakuambia lile bovu, nalijua. Na nilikuwa nalijua kweli, Aika. Nimelishusha mara kadhaa. Niliingiza mkono, mkono ukagoma katikati, nikasema halifai, nikalirudisha. Hata siku niliyouliza jozi yake, laoban alinijibu mei you, nami nikaondoka zangu.

Hukuniuliza. Ulilishusha, ukakaa juu ya katoni katikati ya njia, ukavua raba yako mbele ya watu. Nilitamani nijifiche. Vijana wa mikokoteni walisimama na mizigo yao wakisubiri uwapishe. Ukaingiza mguu, ukafunga kamba, ukasimama kwa mguu huo mmoja. Ukaruka kwa mguu mmoja mpaka mwisho wa korido, ukakanyaga ghafla, ukageuka, mikono miwili mbele kama umeshika chupa yako. Ulisimama wima, hukuyumba.

Ndipo ukanitazama. Ule uso niliokukataza miaka yote kuupeleka sokoni, nikauona. Sikuwa nimewahi kuuona juu ya kiatu chochote nilichokupa. Ulikuwa unasema asante, unavaa, unakwenda. Sikujua kuwa uso huo upo na sikuwahi kuununulia kitu.

"La kushoto?" nikamuuliza laoban Lin.

"Mei you," akasema, kama siku zote. Na mimi, kama siku zote, nikageuka niondoke.

Wewe ukaanza kuzungumza naye. Kichina changu kinajua bei, kinajua kukataa na kukataliwa. Kuuliza kwa nini sikuwahi kujifunza. Mlizungumza, akaweka simu chini, akacheka, akakuonyesha kitu kwa mikono. Nikasimama pale kama mzigo uliosahauliwa.

"Anasemaje?"

"Anasema lilishonwa kwa mnunuzi wa nchi nyingine, hakurudi. Hii ni sampo tu, ya kuonyesha wanunuzi, na sampo huwa mguu wa kulia peke yake. Si unajua, Mama?"

"Najua."

"Basi kalibu ya kushoto ipo kiwandani. Ule mguu wa plastiki wanaoshonea juu yake. Wanaweza kushona moja tu, hawadai oda kubwa. Wiki moja, labda zaidi."

"Mwambie unaondoka kesho."

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Uliinama ukaanza kufungua kamba. "Anasema, mama yako anapita hapa kila wiki. Kwa nini hakukuleta?"

Nililipa nikiwa nimenuna, na bei kweli haikushuka, hilo tu ndilo nililolijua sawasawa. Wewe ulidhani nimenunia bei. Ulinishika mkono kwenye ngazi ukasema, "Si neno, Mama, ni wiki moja tu." Nikautoa mkono wako. Nisamehe kwa hilo. Nilikuwa nahesabu moyoni kwamba kama ningekubali mara moja tu, mwezi uliopita, wakati wowote ule, kesho ungepanda ndege na mabuti mawili.

Kwa hiyo unaondoka na moja. La kulia. Na mguu uliokuangusha ni wa kushoto, na mchujo wa timu uko karibu mno, na la kushoto liko kiwandani likisubiri zamu nyuma ya oda za watu wengine. Nikimaliza barua hii naliweka hilo moja kwenye mfuko wa sanduku, na sioni namna ya kulifanya lionekane jambo la maana. Mama mwuza viatu anampa mwanawe buti moja.

Nikiwa kwenye lifti kuja hapa unajua nilifikiri nini? Nilifikiri nikuambie uvae la kulia jipya na la kushoto la zamani, uongeze soksi. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga sentensi. Hivyo ndivyo nilivyo, mwanangu, sijapona kwa kuona tu. Kwa hiyo nakuandikia mapema, kabla sijapata nafasi ya kukupigia: usinisikilize. Siku ya mchujo ikifika na la kushoto halijafika, au limefika na mguu unacheza ndani yake, mwambie mwamuzi huingii. Mjomba wako atanuna. Mimi nitanuna zaidi. Tutanuna, itaisha, na wewe utakuwa na vifundo viwili vizima na mchujo mwingine wa kungojea.

Na huko uendako watakuwepo wengine wenye neno langu lile, sitakuwa mimi tu. Utapewa chumba, utapewa kazi, pengine utapewa na mchumba, utasema pananibana, utaambiwa utazoea. Mimi nilizoea. Baba yako nilimjazia karatasi miaka mingi mpaka nikasahau kuwa ndani pale hapakuwa na mguu wangu. Sikuambii ufanye nini. Nakuambia tu kwamba wewe ulikuwa unasema tangu mtoto, na mimi ndiye niliyekuwa nakuzoesha kunyamaza. Hukuzoea. Nashukuru hukuzoea.

Bwana Mbarouk amekubali. Likitoka kiwandani nitalileta hapa siku hiyo hiyo, naye atampa abiria wake wa kwanza anayeshukia Kilimanjaro. Ameniuliza kwa nini asingoje kontena. Nimemtazama akaacha kuuliza. Kabla ya kumkabidhi sitaingiza mkono humo ndani. Sitalikunja, sitalinusa. Litakujia kama lilivyo, wewe ndiye utakayelipima.

Nasikia sauti yako kwenye ngazi, unacheka na mtu. Nafunga.

Siku litakapofika, kaa chini, livae, funga kamba, kimbia kidogo kwenye ile changarawe ya mjomba wako, usimame ghafla. Halafu nipigie uniambie linakukaaje. Nikianza kukuambia litazoea, nikatie simu.

Mama yako